Bibi wa Dirishani Anajibu: Mfalme wa Kwenye Tundu

Mwezi huu barua za sarafu zimeshinda hata za mirathi, ambazo kwa kawaida ndizo hunijazia kapu. Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni keshia mstaafu wa benki, mkazi wa Tanga, niliyekaa nyuma ya kioo tangu enzi za ndururu hadi enzi za mashine ya kuhesabia noti. Wateja waliniita Bibi wa Dirishani kabla hata sijapata mjukuu, na mhariri akalipenda jina. Barua zilizonifika nimezifupisha kidogo. Ya mtoto nimeiacha ilivyo.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, naishi Morogoro, nina miaka 11. Nakusanya sarafu za ukumbusho. Ninazo hizi: shilingi tano ya Tanzania ya 1971 yenye pembe kumi, shilingi ishirini ya 1981, shilingi arobaini ya Kenya ya 2003, shilingi elfu moja ya Uganda ya 2012 na senti kumi yenye tundu ya 1936. Za zamani amenipa babu. Rafiki yangu anasema ile yenye tundu si ya ukumbusho. Je, ni kweli? Na kwa nini haina kichwa cha mtu? Naomba historia ya zote. Nimezibandika kwenye daftari kwa selotepu.

Marahaba, mjukuu wangu. Mwandiko wako unasomeka kuliko wa watu wazima wengi wanaoniandikia.

Nianze na tundu. Rafiki yako amesema kweli, hiyo si sarafu ya ukumbusho. Ilikuwa pesa ya kawaida ya sokoni, peni tuliyoijua sote, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa 1919, makao yake yakawa London, na shilingi yake ndiyo iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar iliingia baadaye, mwaka huohuo wa 1936 unaousoma kwenye peni yako.

Lakini usimkubalie rafiki yako haraka hivyo. Igeuze upande wenye taji, azima kioo cha kukuzia, usome herufi zinazozunguka tundu: EDWARDVS VIII REX ET IND:IMP. Hicho ni Kilatini, na maana yake ni Edward wa nane, mfalme na kaizari wa India. Sasa nenda kamuulize mwalimu wako wa historia huyo Edward wa nane alivikwa taji lini. Hakuvikwa. Baba yake, George wa tano, alifariki Januari 1936, mtoto akakalia kiti. Kabla ya siku ya taji kufika akasema anamwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekwisha kuolewa mara mbili na waume wote wawili walikuwa bado hai. Serikali ikakataa, Kanisa likakataa, naye akashika lake. Desemba 11 ya mwaka uleule akauachia ufalme, ndugu yake akarithi.

Huko Uingereza kwenyewe, sarafu zenye sura ya Edward zilikuwa bado katika majaribio na hazikuwahi kutolewa kwa wananchi. Zetu zenye tundu hazikuhitaji sura, kwa sababu pale katikati hakuna mahali pa kuweka kichwa! Likabadilishwa jina tu, mashine zikaendelea kupiga, mizigo ikapakiwa melini. Muuza kabichi wa London hakuwahi kurudisha chenji yenye jina la mfalme huyu, ila muuza mchicha wa Morogoro aliirudisha kila asubuhi. Hapo swali lako la kichwa cha mtu nimelijibu pia. Upande wa pili, zile pinde zinazolikumbatia tundu ni pembe za ndovu. Tafuta na herufi ndogo: H ni kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, vyote viwili vya Birmingham. Ukikosa herufi, imepigwa London.

Sasa shilingi tano ya 1971. Hii ni ya ukumbusho kweli, ya miaka 10 ya uhuru wa Tanganyika uliopatikana Desemba 9, 1961, na upande mmoja ana Mwalimu Nyerere. Ilitoka pia chini ya mpango wa FAO, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ambalo miaka hiyo lilizihimiza nchi nyingi kutia habari za kilimo na chakula kwenye sarafu zao. Kabla ya hapo shilingi tano yetu ilikuwa noti. Baada ya hapo zikaja za kawaida zenye umbo lilelile la pembe kumi, ndizo tulizoziita dala.

Dala nazijua kwa vidole. Zilikuja dirishani kwenye mifuko ya kitambaa, nasi tulizihesabu kwa kuzipanga minara mezani. Shilingi moja ni ya mviringo, ukiigusa tu pembeni inajizungusha na kukimbia. Dala inakaa pale ulipoiweka. Lakini ukizifunga kwenye karatasi ya bando, zile pembe zinachana karatasi, na bando likipasuka mbele ya mteja mwenye haraka unaweza kulia. Ile ya 1971 niliitenga kila nilipoikuta, nikaibadilisha kwa pesa yangu. Wenzangu walinicheka. Angalia kingo za ya kwako: kama pembe zimelainika kama sabuni iliyotumika, furahi, maana imefanya kazi. Imelipa nauli, imenunua unga, imelazwa kwenye pindo la kanga.

Ya 1981 ni ya miaka 20 ya uhuru. Wengi walioipokea kwangu waliiweka moja kwa moja kabatini, kwa hiyo mara nyingi utaikuta ingali inang'aa. Mimi, kwa sababu hiyohiyo, hainisisimui sana. Elfu moja ya Uganda ni ya miaka 50 tangu Oktoba 9, 1962. Ina metali mbili na yule korongo mwenye taji wao. Ya Kenya nimeijibu hapo chini, kwa kondakta mmoja wa Mombasa.

Selotepu iondoe leo. Gundi yake inakula metali na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Loweka sarafu kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, gundi ilegee yenyewe, suuza, kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Usisugue. Daftari lako usilitupe, hilo ndilo muhimu. Kila sarafu iwe na ukurasa wake, na humo uandike nani alikupa, lini, na yeye aliipata wapi. Babu yako aliipata wapi hiyo peni? Muulize leo, usingoje Krismasi.

Bibi, mimi ni mama wa huyo mtoto hapo juu. Naomba kuongeza. Kuna mtu stendi ameiona ile yenye tundu, anasema ni ya mamilioni, tumpe tu laki mbili za "usajili" atatuunganisha na mnunuzi. Pili, shuleni kuna maonyesho, nataka nizisugue kwa ukwaju na majivu zing'ae. Je, nifanye?

Mama, hapana na hapana.

Peni za Edward zilipigwa kwa mamilioni, na ndiyo sababu babu alikuwa nayo. Hazikuwa adimu siku ile na si adimu leo. Wakusanyaji duniani huzinunua kwa bei ya soda na andazi, kwa sababu ni njia rahisi ya kupata jina la mfalme huyo. Na hata ingekuwa na thamani, mnunuzi wa kweli ndiye anayetoa pesa. Anayeomba pesa kwa mwenye mali, ya usajili, ya kupima, ya kibali, ya mafuta ya gari la mzungu, huyo anakuibia. Hadithi ya rupia inayovuta mchele, ile inayodaiwa kuwa na nguvu na kuuzwa mabilioni, nimeisikia tangu nikiwa msichana. Nimeshika rupia za Mjerumani nyingi tu. Ni fedha ya kweli, nzuri, na mchele ukibaki juu yake ni kwa sababu mkono una jasho.

Kuhusu ukwaju, naujua uwezo wake. Sufuria ya shaba itang'aa. Sarafu nayo itang'aa kwa wiki moja, kisha itageuka rangi ya nyama iliyochunwa, kwa sababu asidi imekula ile ngozi nyeusi iliyokuwa ikiilinda, na majivu yamekwangua herufi. Mwanao anataka watu wasome EDWARDVS. Ukisugua watasoma EDW. Ndimu, dawa ya meno na dawa za kung'arishia shaba ni maadui walewale. Kwa maonyesho, mnunulie karatasi nyeusi na taa ya mezani, aiweke taa pembeni ili mwanga uje kwa ubavu. Herufi zitasimama zenyewe.

Na hiyo mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni, usiitumie kutunzia. Baada ya muda inatoa ute wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, ukitupia ndani ya boksi vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Sisi wa pwani tunavihitaji zaidi yenu.

Bibi, salamu kutoka Likoni. Mimi ni kondakta wa matatu. Namwekea binti yangu sarafu. Ile ya arobaini yenye Kibaki abiria wengine wanaikataa, wanadhani ni ya bandia. Halafu mbona hizi mpya zina wanyama tu? Mheshimiwa ameenda wapi?

Abiria wako usiwalaumu. Arobaini haimo kwenye hesabu ya kawaida. Mtu amezoea kumi na ishirini, ghafla anapewa namba ambayo hajawahi kuishika. Ilitolewa 2003 kwa ajili ya miaka 40 tangu Desemba 12, 1963, na ndiyo maana thamani yake ikawa arobaini. Wazo zuri kwa sherehe, baya kwa chenji.

Lakini mwambie binti yako aitunze, kwa sababu ina jambo la pekee. Pitia sura kwenye sarafu za Kenya tangu mwanzo. Za 1966 zilikuwa na kichwa cha Mzee Kenyatta kikiwa peke yake, bila maneno ya kukizunguka. Kuanzia 1969 wakaongeza jina na cheo chake cha rais wa kwanza. Alipofariki Agosti 1978 akaja Moi, na kuanzia 1980 sarafu zikawa na sura yake kwa miaka mingi, pamoja na ile shilingi tano ya pembe saba. Kisha Kibaki akaingia mwishoni mwa 2002, na watu wakangoja pesa zigeuke uso kama ilivyokuwa desturi. Sura yake ikatokea kwenye hiyo arobaini tu. Sarafu za kawaida zilizotoka 2005 zilimrudisha Mzee Kenyatta. Ukitaka kumwona Kibaki kwenye sarafu ya Kenya, ni hiyo iliyokataliwa na abiria wako.

Nayo mengine yalikatwa na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoonyesha Kenya au jambo la Kenya, ila zisiwe na sura ya mtu yeyote. Desemba 2018 ndipo sarafu mpya zikatoka: twiga kwenye moja, faru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Kwa hiyo mheshimiwa hakwenda popote, alizuiwa mlangoni.

Kwa binti yako ningetafuta kitu kimoja tu cha kuongeza, shilingi tano ya 1973, ya pembe tisa, ya miaka 10 ya uhuru wenu. Hizo zilikuwa chache, kwa hiyo bei yake si ya andazi. Usikubali iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, labda ukipewa bure.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Arusha, nina klabu ya wanafunzi ya mazingira. Nimeona mtandaoni sarafu za fedha za Tanzania za 1974 zenye twiga na faru. Je, ni halali au ni za kubuni? Naona wanafunzi wangezipenda. Shule ichangishe wazazi tununue?

Ni halali kabisa, mwalimu. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu katika mfululizo wa kimataifa wa kuchangia hifadhi ya wanyamapori uliohusisha nchi nyingi pamoja na shirika la WWF. Shilingi 25 ya fedha ina twiga, shilingi 50 ya fedha ina faru, na shilingi 1,500 ya dhahabu ina duma. Jirani zetu wa Zaire, Congo ya leo, walitoa za kwao 1975: sokwe wa milimani, okapi na chui.

Nikwambie jambo kuhusu hiyo ya duma. Ina uzito wa gramu 33 na ushei. Wakati huo noti yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Yaani sarafu moja ya kushika kwa vidole viwili iliandikwa thamani ya noti kumi na tano kubwa kuliko zote nchini. Ni nani angeileta sokoni kununua dagaa? Katika miaka yangu yote dirishani sikupokea hata moja, si ya duma, si ya faru, si ya twiga. Zilipigwa Uingereza, zikauzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani ndani ya vijaluba vyenye mahameli, na zilikusudiwa hivyo tangu mwanzo. Sizidharau, kwa kuwa sehemu ya pesa zake ilikwenda kwa wanyama. Lakini naona vigumu kuita ukumbusho wetu kitu ambacho hakikupita mikononi mwetu. Ndiyo sababu namheshimu zaidi yule mtoto wa Morogoro na dala yake iliyosagika.

Kwa hiyo usichangishe wazazi. Fanya hivi: ingia dukani, omba chenji ya shilingi hamsini hamsini, ile ya pembe saba iliyoanza 1996. Igeuze. Upande mmoja Mzee Mwinyi, upande wa pili faru na mtoto wake. Thamani ileile, mnyama yuleyule, miaka ishirini na miwili baadaye. Kati ya sarafu hizo mbili majangili walimaliza faru karibu kote walikokuwa. Kila mwanafunzi ashike yake, klabu nzima itakugharimu pungufu ya chupa moja ya maji kwa kila dawati. Kisha endelea na mifuko yao: swala wanne kwenye mia, simba kwenye mia mbili, nyati kwenye ile mia tano ya 2014. Ukipata mzee mwenye kopo la senti za 1966, hapo una mbuga kamili, maana senti tano ina samaki, senti ishirini ina mbuni, sumni, yaani senti hamsini, ina sungura. Sungura kwenye pesa! Mpaka leo sijaona nchi nyingine jirani iliyompa sungura heshima hiyo, na kwa jinsi anavyowashinda wenzake kwenye hadithi zetu, aliistahili. Wanafunzi wakikuuliza, waambie Bibi amesema hivyo, usimtaje mtu wa Benki Kuu.

Nina sarafu ya tembo ya Tabora, ya dhahabu, ya Mjerumani, 1916. Rangi imeanza kutoka kidogo ukingoni na chini kunaonekana weupe. Nipe bei. (Msomaji, Singida)

Dhahabu haitoki rangi, ndugu yangu. Hiyo ni bei tosha.

Kwa faida ya wengine, sarafu yenyewe ipo na hadithi yake ni ya kweli. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, meli za Waingereza ziliziba bahari, Wajerumani wakaishiwa sarafu za kulipa askari na wabeba mizigo. Wakaanza kupiga zao huko Tabora, kwenye karakana ya reli, wakitumia shaba nyeupe na nyekundu waliyoipata popote. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko huko kwenu Singida. Wakapiga sarafu za rupia 15 zipatazo 16,198, upande mmoja tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, kazi ikaishia hapo. Ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Iweke kwenye mizani ya sonara kabla hujaweka matumaini.

Watoto wangu wameokota vipande vidogo vya shaba ufukweni Kilwa Kisiwani, vina maandishi kama ya Kiarabu. Wanataka kuanzisha mkusanyo. Nawaruhusu?

Usiwaruhusu, na usiwagombeze. Vipelekeni ofisi ya mambo ya kale palepale kisiwani, mwoneshe na mahali vilipookotwa, hatua kwa hatua kama mnaweza. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa zimeupita mwaka huo kwa karne nyingi. Kipande kikiwa ardhini, wataalamu wanaweza kujua kililala pamoja na nini na kutoka tabaka gani. Kikishaingia kopo la mtoto, kinabaki kuwa shaba tu.

Ila waeleze walichoshika. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe muda mrefu kabla ya Wareno kuivamia 1505, wakati miji mingi ya pwani ilitegemea pesa za wageni. Maandishi ya pande mbili yanaungana kama ubeti: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na mwisho wa pande zote mbili una kina kimoja. Watu wa pwani hata kwenye pesa hawakuacha ushairi. Na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, akiwa lindoni visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao, aliokota sarafu tisa mchangani. Tano zikaja kugundulika kuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, wanabishana hadi leo. Watoto wako wakivirudisha vyao kwa utaratibu, majina yao yatakuwa upande mzuri wa hadithi ya namna hiyo.

Asalaam aleikum Bibi. Naandika kutoka Muscat. Mwanangu wa miaka tisa anakusanya sarafu za ukumbusho za hapa Oman. Juzi kwenye kasha la bibi yake aliyezaliwa Unguja amekuta pesa ya shaba yenye mizani, mwaka 1299, na riale kubwa ya fedha yenye mwanamke, 1780. Je, hiyo riale ina zaidi ya miaka mia mbili kweli?

Waaleikum salaam. Ya mizani ni rahisi: 1299 ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882, na hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888. Si ya ukumbusho, ila jina lake limo upande wa pili, na mwanao akiwa anasoma Kiarabu shuleni atalisoma bila msaada wangu. Mwambie jirani zake wa Mombasa waliiga mizani hiyohiyo mwaka 1888, kwenye pesa ya kampuni ya Waingereza iliyokodi pwani.

Riale ina mchezo. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar walikuwa wamemzoea mno hata wakawa hawakubali sura nyingine. Basi kiwanda cha Vienna kikaendelea kumpiga yeye yule, na mwaka uleule wa kifo chake, kizazi baada ya kizazi. London, Rome na Bombay nako wakapiga karne ya ishirini. Huko kwenu Oman riale hiyo ilitumika hadi 1970, ilipoingia sarafu mpya ya nchi. Kwa hiyo 1780 iliyoandikwa pale haikwambii umri. Ya bibi inaweza kuwa ya wakati wa Sayyid Said, baba yake Barghash, inaweza pia kuwa ya juzi.

Mimi naona mwanao aiingize kwenye mkusanyo wake bila kuuliza ruhusa ya mtu: ni sarafu yenye mwaka wa kufa kwa mtu, iliyopigwa baada ya kufa kwake. Kama huo si ukumbusho, basi ule wa kwenye vijaluba vya mahameli nao haumo. Chini ya kifua cha malkia aangalie herufi S.F. Aipime: gramu 28. Ajaribu na sumaku ya mlango wa friji. Ikinasa, mwachieni aichezee.